Sabuni ya kunyolea ya mtengenezaji mdogo: ijaribu wiki mbili kabla hujaipandisha status

Somo la leo ni la wale wanaouza mtandaoni bidhaa za mikono ya watu wa hapahapa Unguja. Tutachukua bidhaa moja tu, sabuni ya kunyolea, halafu tuipitie kuanzia kwa mtengenezaji mpaka kwenye kidevu cha mteja. Ukishaelewa njia yenyewe, utaitumia kwa mafuta ya nazi, msuguo wa mwili, udi na chochote kingine kinachogusa ngozi ya mtu.

Kwa nini sabuni ya kunyolea? Kwa sababu haina pa kujifichia. Sabuni ya kuogea ikiwa ya kawaida, mteja ataoga na kusahau. Ya kunyolea ikiwa mbovu, wembe utamwambia palepale. Atachubuka, atawashwa, na kesho yake atakuandikia hadharani. Kwa muuzaji mwenye wafuasi mia tatu, malalamiko mawili ya namna hiyo yanatosha kufunga duka.

TUNATOKA WAPI

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani mkavu ukiuzwa kama ulivyo unaleta hela ndogo. Ndo maana vikundi vikageukia kuusaga na kutengeneza sabuni. Zanzibar Seaweed Cluster Initiative, iliyoanza mwaka 2006, imefundisha vikundi kazi hiyo, na Tusife Moyo cha Kidoti ni mfano unaojulikana. Paje kuna Mwani Zanzibar, wanaotengeneza sabuni na vipodozi vya mwani. Ongeza karafuu, mchaichai, mdalasini na liwa, utaona kisiwa hiki hakina shida ya malighafi.

Lakini nyingi ya sabuni unazoziona kwenye maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe ni za KUOGEA. Mtego uko hapo. Mtu anachukua sabuni ya kuogea, anabandika karatasi yenye neno "kunyolea", anapandisha bei. Wewe usiwe huyo.

1. JUA TOFAUTI YAKE

Sabuni ya kuogea yenye mafuta mengi ya nazi inatoa povu jingi la mapovu makubwa, linalokufa haraka, na inakausha ngozi. Ya kunyolea inatakiwa itoe povu dogodogo, zito, kama ute wa yai uliopigwa, likae usoni dakika kadhaa bila kukauka, na liache utelezi hata baada ya wembe kupita.

Ili kufika hapo, watengenezaji wengi hufanya mambo matatu. Kwanza, huongeza asidi ya stiariki, ambayo ndiyo inayolipa povu uzito. Pili, hawatumii kostiki soda peke yake, huchanganya na potasiamu haidroksaidi, na sabuni inakuwa laini, rahisi kutoa povu kwa burashi. Tatu, wengine huongeza gliserini au udongo laini wa kaolini kwa ajili ya utelezi. Usikariri kemia. Kariri kwamba ukimuuliza mtengenezaji "hii ina tofauti gani na ya kuogea?" na hana jibu, basi huenda ni ya kuogea.

2. MASWALI SITA KWA MTENGENEZAJI

Nenda mwenyewe kama unaweza. Salimia vizuri, kaa, kunywa maji, kisha uliza. Huyu ni mama au kijana anayefanya kazi ya mikono, usimhoji kama polisi.

a) Imetengenezwa lini, na imekaa muda gani kabla ya kuuzwa? Sabuni isiyochemshwa kwa kawaida huachwa wiki 4 hadi 6 ikomae na ikauke.

b) Mafuta gani yamo, na asidi ya stiariki imetoka kwenye nini? Hii hupatikana kwenye mafuta ya mawese na pia kwenye mafuta ya wanyama. Wateja wako wengi hapa ni Waislamu na watauliza kama ni halali. "Sijui" si jibu la kumpa mtu. Kama mtengenezaji ananunua dukani, mwombe akuoneshe mfuko au risiti yenye maelezo.

c) Mafuta ya karafuu au mdalasini ni kiasi gani kwa kila kilo ya sabuni? Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujeno, kitu kinachowasha ngozi kikizidi, na ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe haina subira. Unataka mtu anayepima kwa mizani. Anayemimina kwa kukisia atakuletea matatizo.

d) Je, kila mpiko una namba au tarehe? Kama hana, mshauri aanze. Karatasi ndogo yenye tarehe inatosha.

e) Amefika wapi na vibali? Kwa Zanzibar vipodozi vinasimamiwa na ZFDA, na viwango viko ZBS. Ukivusha mzigo Bara, vipodozi huko viko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Kama bado hajaanza, kaeni pamoja mpange. Ni bora kujua leo kuliko mzigo kuzuiliwa bandarini.

f) Anaweza kutoa sabuni ngapi kwa mwezi bila kuharakisha? Hili ndilo watu hulisahau. Ukimletea oda ya 200 na uwezo wake ni 60, atakupa sabuni ya wiki mbili.

3. NUNUA SAMPULI, USIOMBE BURE

"Nipe mbili nijaribu, zikipendwa nitachukua nyingi." Mtengenezaji mdogo ameshayasikia haya mara nyingi, na walio wengi hawakurudi. Lipia. Ukilipia unapata haki ya kusema ukweli wote, na yeye anajua uko makini.

Nunua sita, tatu kutoka mpiko mmoja na tatu kutoka mpiko mwingine. Ukichukua zote mpiko mmoja, umejaribu bahati ya siku moja. Bidhaa ya mikono hubadilika, mafuta mengine, joto jingine, mkono mwingine. Unachotaka kujua ni kama mpiko wa pili unafanana na wa kwanza.

Zigawe hivi. Moja iache rafuni kama itakavyokaa dukani kwako. Moja ya kupima mizani. Nne zilizobaki zikate nusu upate vipande vinane, vitano vya wajaribu na vitatu vya akiba. Andika kwenye kila kipande kimetoka mpiko gani, na hakikisha wajaribu wamepata mipiko yote miwili.

4. JARIBIO LA MAJI

Hili ni la kwetu hasa. Maji mengi ya Unguja yanatoka ardhini kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni, povu hupungua na utando mweupe hubaki kwenye beseni. Ukanda wa pwani visima vingine vina chumvi juu yake. Sabuni inaweza kupendeza kwa maji ya chupa na ikafa kwa maji ya bomba ya mteja wako.

Chukua bakuli tatu. La kwanza maji ya bomba ya mjini, la pili maji ya kisima kutoka pwani kama Jambiani au Bwejuu, la tatu maji ya mvua au ya chupa. Kila bakuli tumia burashi iliyolowa, zungusha kwenye sabuni sekunde 30, kisha piga povu dakika moja. Weka povu juu ya sahani, subiri dakika 5. Bado limesimama, au limegeuka maji? Piga picha zote tatu. Rudia kwa mpiko wa pili kwa kutumia vipande vya akiba.

Kama ya kisimani imeshindwa kabisa, si lazima uiache bidhaa. Itabidi uandike wazi "inatoa povu zuri zaidi kwa maji ya mvua au ya chupa", na mwambie mtengenezaji. Huenda akarekebisha.

5. JARIBIO LA NGOZI

Kabla mtu hajaipaka usoni, apake povu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, aache dakika chache kama anavyonyoa, asuuze, asubiri saa 24. Pakiwa pekundu, pakiwasha au pakivimba, huyo hajaribu zaidi. Mshukuru na uandike.

Unaweza pia kununua karatasi za kupimia pH. Sabuni ya kweli ya mkono kwa kawaida iko kati ya 9 na 10. Ikikupa 11 au zaidi, rudisha. Huenda haijakomaa au vipimo vya kostiki vilizidi.

Na usafi: kila mjaribu awe na wembe wake mpya na burashi yake. Kushirikiana wembe kunaweza kusambaza homa ya ini aina ya B na Virusi vya UKIMWI. Ukimpa kinyozi sampuli, mkumbushe hilo kwa heshima. Mwenye kazi yake atakuelewa.

6. WATU WATANO, SIO SHEMEJI WATANO

Ndugu zako watasema nzuri, maana wanakupenda. Tafuta watu tofauti:

- Kinyozi mmoja anayechonga ndevu kwa wembe, awe wa Darajani, Mlandege au Mwanakwerekwe.
- Mwanaume anayenyoa ndevu karibu kila siku kwa sababu ya kazi, mfano wa hotelini.
- Mtu anayenyoa kichwa kizima kwa wembe.
- Mtu ambaye kawaida hutoka vipele akinyoa. Huyu aanze na jaribio la mkono bila mjadala.
- Mwanamke anayenyoa kwapa kwa wembe. Wauzaji wengi huwasahau kinamama, na hawa ndio wanaonunua na za waume zao.

Usiwaulize "umeipendaje?" Uliza mambo yanayohesabika. Povu lilikauka kabla hujamaliza? Ulilazimika kupaka tena mara ngapi? Wembe uliteleza au ulikwama? Baada ya kusuuza, uso ulikaza? Kesho yake kulikuwa na vipele? Harufu ilikaa muda gani, na ilikukera? Wape siku 10, wanyoe angalau mara tatu. Mara moja haisemi kitu.

Soma majibu kwa mpangilio. Mtu mmoja kati ya watano akisema harufu ya karafuu ni kali, hayo ni mapenzi ya mtu. Watatu wakisema inawasha, acha kabisa, hata kama kifungashio ni kizuri namna gani. Na kama wote waliowashwa walipata vipande vya mpiko mmoja, umejua tatizo liko wapi, na una kitu cha maana cha kumwambia mtengenezaji.

7. MIZANI INAUZA KULIKO MANENO

Mteja akisikia sabuni ya shilingi 12,000 atasema ghali. Wewe uwe na hesabu. Chukua ile sabuni ya mizani, pima kwa mizani ya jikoni. Tuseme ina gramu 80. Inyolewe mara 10, iache ikauke siku nzima, pima tena. Tuseme imebaki gramu 70. Kunyoa mara moja kunakula gramu 1, kwa hiyo sabuni itakwenda mara 80 hivi. Shilingi 12,000 gawa kwa 80 ni shilingi 150 kwa kunyoa mara moja. Nenda na namba hiyo dukani, ulinganishe na povu la kopo. Lakini tumia namba ZAKO ulizopima, hizi zetu ni mfano tu.

Sasa hesabu ya upande wako. Tuseme unanunua kwa 7,000, kifungashio 1,000, usafiri 500 kwa kila moja. Ukiuza 12,000 unabaki na 3,500. Jaribio lote, yaani sabuni sita 42,000, nyembe na karatasi 8,000, nauli 10,000, ni 60,000. Hiyo ni faida ya sabuni 18 hivi. Inauma kidogo. Lakini ukirukia kuchukua sabuni 50 bila kujaribu, umefunga 350,000, na zikigoma utahitaji faida ya sabuni 100 kuirudisha. Hapo ndo utaona jaribio ni rahisi.

8. JOTO, UNYEVU NA SAFARI

Ile uliyoiacha rafuni, iangalie baada ya wiki mbili. Sabuni yenye gliserini nyingi huvuta unyevu wa hewa na kutoa jasho, matone madogo juu yake. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, hali huwa mbaya zaidi. Jasho halimaanishi imeoza, ila mteja atadhani hivyo. Ukiifunga kabla haijakauka, karatasi italowa na wino utatoka.

Sabuni laini ya kunyolea hukaa vizuri kwenye kikopo cha bati chenye kifuniko. Iliyo ngumu unaweza kuifunga kwa karatasi na kuiweka kwenye kikapu kidogo cha ukili. Mifuko ya plastiki achana nayo, Zanzibar iliipiga marufuku zamani, tangu mwaka 2006.

Pia tuma moja safari ya majaribio, kwa daladala mpaka shamba na kurudi, au kwa boti mpaka Dar. Ikifika imebonyea, umejua kabla ya mteja.

Kwa wanaouzia wageni, sabuni ngumu haihesabiwi kama kimiminika uwanja wa ndege, hivyo inaingia kwenye begi la mkononi bila ile shida ya mililita 100. Iandike kwenye tangazo. Na kama kuna mtu anataka kuziuza Ulaya, ajue sheria za huko zinataka viambato vinavyoweza kuleta mzio, kama yujeno ya karafuu na sitrali ya mchaichai, vitajwe kwenye lebo vikizidi kiwango kilichowekwa.

9. ANDIKA ULICHOKIONA

Baada ya wiki mbili una picha, namba na maneno ya watu. Tangazo linajiandika:

"Sabuni ya kunyolea ya mwani na mchaichai, imetengenezwa kwa mkono Unguja. Gramu 80. Tumeipima, inakwenda karibu mara 80. Tumeijaribu kwa maji ya bomba ya mjini, picha hizo hapo. Inahitaji burashi. Kama ngozi yako ni nyepesi, jaribu kwanza mkononi. Bei 12,000. Tarehe ya kutengenezwa iko chini ya kopo."

Hakuna "nambari moja duniani", hakuna "asilia 100% haina kemikali". Sabuni yoyote imetengenezwa kwa kostiki, mwenye kujua atakucheka.

Swali litakalokuja kila siku ni la vipele. Jibu lako liwe hivi:

Mteja: Dada, hii inaondoa vipele vya ndevu?
Wewe: Kaka, asante kwa kuuliza. Hii ni sabuni, si dawa. Inafanya wembe uteleze, na hilo linaweza kupunguza kuchubuka. Vipele vingi vinatokana na nywele za kujikunja kurudi ndani ya ngozi, kwa hiyo nyoa kufuata nywele zinakolala, usikaze ngozi, tumia wembe mkali. Vikizidi au vikitoa usaha, nenda kituo cha afya.
Mteja: Haya, niwekee moja.

Umeona? Ukweli haufukuzi mteja. Ukisema "inatibu", umeingia kwenye eneo la dawa na wenye sheria yao watakuuliza.

Kuhusu muda wa kupost, soko hili lina saa zake. Watu hunyoa kabla ya Ijumaa na kabla ya Idi, na Waislamu wengi wanaijua ile siku 40 isiyopitishwa. Weka tangazo Jumatano, mzigo ufike Alhamisi.

10. KUBALIANA NA MTENGENEZAJI KABLA YA ODA YA KWANZA

Mrudishie majibu yote, mazuri na mabaya, mkiwa wawili tu, usimwanike mtandaoni. Kisha andikeni mambo manne kwenye karatasi moja: bei ya jumla na itakaa muda gani, kila mpiko uwe na tarehe, akibadilisha mafuta au harufu akuambie kabla, na sabuni yenye kasoro itabadilishwa ndani ya siku ngapi. Mlipe kwa wakati. Mtengenezaji mdogo hana akiba ya kununua malighafi huku wewe umeshikilia hela yake.

Anza na 20. Kutoka kila mpiko mpya, toa moja, rudia jaribio la bakuli na ulinganishe na kipande chako cha akiba. Dakika kumi tu. Siku povu litakapokuwa tofauti, utakuwa umelijua wewe kabla ya mteja.

KAZI YA WIKI HII

Chagua bidhaa moja unayouza ambayo hujawahi kuitumia mwenyewe. Ndiyo, tunajua ipo. Andika maswali matano ya kumuuliza aliyeitengeneza, na majina ya watu watano wa kuijaribu, ambao angalau watatu si ndugu zako. Tuwekee kwenye komenti bidhaa yako na swali gumu zaidi ambalo wateja hukuuliza. Tutayachukua somo lijalo.

Na mtumie somo hili yule rafiki yako anayetaka kuchukua mzigo wa sabuni kesho asubuhi. Mwambie asubiri wiki mbili.